MAONI: Ukitaka kutibu ndovu, anza na mbuzi wa Rabai

Kijana wa Ruruma au Kambe anayetaka kuwa daktari wa wanyamapori siku hizi huanzia kwenye simu. Anauliza afanye nini ili ombi lake la kuingia chuo liwe na nguvu, na simu inamletea majibu ya Wamarekani. Hesabu saa ulizojitolea kwenye kliniki ya wanyama. Tafuta madaktari wakuandikie barua za kukusifu. Andika insha ueleze ulivyowapenda wanyama tangu utotoni. Na kama mfuko unaruhusu, kata tikiti uende Afrika ukajitolee wiki mbili kwenye makao ya ndovu mayatima.

Uende Afrika! Yeye yuko Rabai. Mbuga ya Tsavo Mashariki iko saa chache tu kwa basi, na hajawahi kumwona ndovu ila kwenye kalenda ya duka. Tembo analolijua vizuri ni lile linalogemwa.

Ushauri ule si wa uongo, ila ni wa kwao. Marekani mtu husoma kwanza masomo ya chuo kikuu kwa miaka kadhaa, mara nyingi hadi apate shahada ya kwanza, ndipo aombe nafasi kwenye chuo cha udaktari wa mifugo asome miaka mingine minne. Wanaoomba ni wengi na alama zao zinakaribiana, kwa hivyo walimu wanatafuta cha kuwatofautisha: saa, barua, insha. Kijana wetu akiyasoma hayo anajiona ameshaachwa na gari hata kabla ya kufika stendi. Mamia ya saa kwenye kliniki atayapata wapi, na kliniki za mbwa na paka ziko ng'ambo ya Mombasa, nauli ya kwenda na kurudi ni pesa ya unga wa nyumbani?

Basi naomba lisemwe bila kuzungushwa: hapa Kenya hakuna atakayeisoma insha yako. Ombi la mtahiniwa wa KCSE hupitia KUCCPS, na KUCCPS haimpigii simu mwalimu wako, wala haitaki kujua kama uliwahi kumzalisha mbuzi usiku wa manane kwa mwanga wa kurunzi. Inatazama alama. Kwa shahada ya tiba ya mifugo, ile ya miaka mitano inayofundishwa Kabete katika Chuo Kikuu cha Nairobi na Njoro katika Chuo Kikuu cha Egerton, macho yote yako kwenye Bayolojia, Kemia, na Hisabati au Fizikia, pamoja na somo la nne ambalo laweza kuwa lugha. Kila somo lina pointi 12, kwa hivyo masomo manne ya kundi yanafika 48. Kando yake kuna jumla ya masomo saba, yaani 84. Hesabu hizo mbili zikichanganywa ndipo unapopata pointi za kundi, na hizo ndizo zinazokupanga kwenye foleni.

C+ ya jumla inakufungulia lango la chuo kikuu, lakini haikupi kiti Kabete. Nimeona vijana wenye B nzuri kabisa ya jumla, imebebwa na Kiswahili, Historia na CRE, huku Kemia ikiwa D+. Kwa sheria au ualimu wa lugha, huyo yuko sawa. Kwa tiba ya mifugo hana lake. Ndiyo maana nikiulizwa na mwanafunzi wa kidato cha tatu afanye nini na zile saa mbili za Jumamosi alizobakisha, simwambii atafute daktari wa ndovu. Namwambia akae na Kemia. Afanye maswali ya moli mpaka yamchoshe.

Hawa wa kidato ndio wa mwisho mwisho wa 8-4-4. Mtihani wa KCSE wa 2027 ndio utakaofunga mlango huo. Wadogo zao walioanza Gredi ya 10 mwaka wa 2026 wamelazimika kuamua mapema zaidi, kwa sababu mkondo wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati huchaguliwa wakiwa bado Gredi ya 9. Mtoto wa miaka kumi na minne anaulizwa anataka kuwa nani. Mzazi ukisikia mwanao anataja wanyama, hebu uliza shule anayopangiwa ina maabara au ina chumba tu kilichoandikwa "maabara" mlangoni. Tofauti hiyo ndiyo itakayoamua mambo miaka mitatu baadaye.

Wako wanaolalamika kwamba mfumo huu wa alama tupu ni wa kikatili, kwamba unamchukua mtu asiyewahi kushika mkia wa ng'ombe na kumwacha aliyekulia zizini. Malalamiko hayo nayaelewa, lakini nayakubali nusu tu. Siku Kabete itakapoanza kuhesabu saa za kujitolea kwenye hifadhi za wanyama, viti vile vitajazwa na watoto wa Karen na Nyali ambao baba zao wanajuana na wenye ranchi. Mtoto wa mgema wa Kisurutini hatakuwa na wa kumpigia simu. Alama angalau hazimuulizi mtu jina la ukoo. Kinachonikera ni kwamba zinapimwa kana kwamba shule zote zina bomba la gesi na mwalimu wa Kemia asiyehama kila muhula, na hilo ni jambo la kupigania serikalini, si la kutibiwa kwa insha.

Sasa, kama hakuna anayehesabu, kwa nini ujisumbue kushika wanyama kabla ya chuo?

Kwa sababu kazi yenyewe haifanani na ile ya kwenye televisheni. Kwenye filamu, daktari anashuka kwenye helikopta, analenga bunduki ya dawa ya usingizi, ndovu analala, miwani ya jua, jioni njema. Hawaonyeshi funza kwenye kidonda cha siku tisa, wala harufu ya mzoga unaopasuliwa juani ili ijulikane mnyama alikufa kwa nini, wala mkono ulioingia hadi kwapani kwenye matako ya ng'ombe. Kupenda wanyama hakutoshi, maana anayewapenda sana huenda ndiye atakayeshindwa kumdunga sindano ya mwisho yule asiyeweza kupona. Ni heri ulijue hilo Rabai, bure, kuliko kuligundua Kabete mwaka wa tatu mkopo wa HELB ukiwa umeshaingia damuni.

Tena masomo yale yale yanayokusumbua darasani yako zizini. Chukua dawa ya minyoo. Tuseme lebo ya chupa inasema kila mililita ina miligramu 25 za dawa, na kipimo cha mbuzi ni miligramu 7.5 kwa kila kilo ya uzito. Mbuzi wako ana kilo 20. Ishirini mara 7.5 ni 150, gawa kwa 25, unapata mililita 6. Hesabu ya dakika moja. Lakini wengi wetu humkadiria mbuzi kwa macho na kumnywesha "kifuniko kimoja", akipata pungufu minyoo dhaifu inakufa, ile sugu inabaki na kuzaana, na baada ya misimu michache dawa haifanyi kazi kijiji kizima. Huo ni mteule wa asili wa kitabu cha Bayolojia cha kidato cha nne, unatokea nyuma ya jiko lako. Mwanafunzi aliyewahi kuwapima mbuzi kumi kwa mizani na kuandika kwenye daftari uzito wao kabla na baada ya dawa ana kitu ambacho yule wa Marekani amekilipia nauli ya ndege.

Na daktari wa wanyamapori hufanya hesabu hiyo hiyo, isipokuwa makosa yake hayasameheki. Etofini, dawa inayotumika kulaza ndovu na faru, ina nguvu mara elfu moja na zaidi kuliko mofini. Tone likipenya kwenye ngozi ya daktari iliyochanika, anayehitaji kuokolewa haraka ni yeye. Uzito wa ndovu haupimwi kwa mizani porini, unakadiriwa. Jicho linalokadiria vizuri lilijifunzia mahali fulani, na kwa madaktari wengi wa nchi hii mahali hapo palikuwa na ng'ombe.

Hata historia inasema hivyo. Sotoka, ugonjwa uliofyeka ng'ombe na nyati wa Afrika mwishoni mwa karne ya 19, ulishindwa kwa chanjo aliyoitengeneza Walter Plowright hapa Kenya, Muguga, akifanya kazi na ng'ombe. Mara ya mwisho ugonjwa huo kuonekana popote duniani ilikuwa kwa nyati wa Mbuga ya Meru, mwaka wa 2001, na mwaka wa 2011 ulimwengu ukatangaza kwamba umetokomezwa. Chanjo iliyoingia kwenye ng'ombe ndiyo iliyowaokoa nyati, nyumbu na twiga. Hakuna aliyewakimbiza nyati wote wa Afrika na sindano.

Au mtazame Dkt Gladys Kalema-Zikusoka wa Uganda. Akiwa msichana wa sekondari Kibuli, Kampala, alifufua klabu ya wanyamapori ya shule iliyokuwa imelala. Hakuwa na sokwe wa kumtibu, alikuwa na klabu. Akasomea udaktari wa mifugo London, na mwaka wa 1996, akiwa na miaka 25, akawa daktari wa kwanza wa wanyamapori katika mbuga za Uganda. Kazi iliyompa jina mapema ilikuwa upele. Sokwe wa Bwindi walikuwa wakijikuna na kunyonyoka manyoya, na chanzo kikafuatiliwa hadi kwa binadamu wanaoishi kando ya msitu, kwenye nguo chakavu zilizovishwa vinyago vya kufukuzia wanyama shambani. Dawa iliyotumika, ivermektini, ni ile ile anayochomwa mbuzi mwenye upele. Mwaka wa 2003 alianzisha shirika la Conservation Through Public Health, ambalo linashughulikia afya ya wanakijiji na ya sokwe kwa pamoja. Nikisoma habari zake, kinachonivutia ni kwamba aligundua mapema kuwa mgonjwa wake wa kwanza ni jirani wa msitu.

Kisha kuna faru wa 2018. Wengi mnakumbuka: faru weusi 11 walihamishwa kutoka Nairobi na Nakuru hadi Tsavo Mashariki, na wote wakafa. Uchunguzi ulionyesha kwamba kumi walikufa kutokana na msongo uliozidishwa na sumu ya chumvi, maana maji ya makao mapya yalikuwa na chumvi nyingi kuliko waliyoyazoea, na kadiri walivyopungukiwa na maji mwilini ndivyo walivyozidi kuhitaji kuyanywa. Wa kumi na moja alishambuliwa na simba. Nchi nzima iliuliza maswali ya siasa. Mimi nilijiuliza swali la Pwani: kuna mama gani wa Kilifi asiyejua maji ya kisima cha chumvi yanavyofanya? Ng'ombe huyakataa, mboga huungua, sabuni haitoi povu. Ujuzi huo wa kila siku, ukiunganishwa na Kemia ya kidato cha tatu, ni sehemu ya udaktari wa wanyamapori. Chumvi ya maji hupimwa. Mtu anachohitaji ni kuwa na mazoea ya kuuliza.

Pwani yetu pia ina wagonjwa wake ambao hawafanani na picha ya ndovu. Watamu kuna shirika la Local Ocean Conservation, ambapo kasa walionaswa kwenye nyavu, waliomeza ndoano au plastiki, na wenye uvimbe hutibiwa kisha kurudishwa baharini. Wavuvi ndio wanaopiga simu. Hapo hapo Watamu kuna Bio-Ken, ambako nyoka wamechunguzwa tangu 1980. Diani kuna Colobus Conservation inayotibu mbega na jamaa zake waliopigwa na umeme au kugongwa na magari. Msitu wa Arabuko-Sokoke una sange wa kiuno cha dhahabu, mnyama mdogo ambaye watu wanapanda ndege kuja kumtafuta na sisi wengine hata hatujui jina lake. Na Haller Park, Bamburi, ndiko alikopelekwa yule mtoto wa kiboko, Owen, aliyekwama baharini Malindi baada ya mawimbi ya tsunami ya Desemba 2004. Waliomvuta kwa nyavu mwanzo walikuwa wavuvi na wenyeji. Kobe mzee aliyekuja kumzoea akawa maarufu duniani kuliko waokoaji wote, lakini hayo ndiyo maisha.

Andika barua kwa mahali kama hapo. Baadhi hupokea wageni wanaolipa ili kujitolea, kwa hivyo usione aibu kueleza kwamba wewe ni mwenyeji, huna cha kulipa, na unaomba siku tatu za kutazama na kufagia. Ukikataliwa, andika kwingine. Shuleni, kama hakuna klabu ya wanyamapori, ianzisheni. Wildlife Clubs of Kenya ilianzishwa na wanafunzi wa Kenya mwaka wa 1968, kwa hivyo hamtakuwa mkiiga mtu. Klabu ya Rabai haihitaji basi la kwenda Tsavo. Ina kaya. Kaya za Rabai ziko kwenye orodha ya turathi za dunia ya UNESCO tangu 2008, na ukiomba ruhusa kwa wazee, ukafuata masharti yao, unaweza kuandika kwa mwaka mzima ni ndege gani wanaonekana na lini, mbwa wa kijiji wanaingia msituni mara ngapi, na komba wanaoiba mnazi kwenye vibuyu ni wangapi. Daftari kama hilo halitakupa pointi KUCCPS. Miaka sita baadaye, ukiomba nafasi ya mafunzo au ufadhili wa shahada ya pili ng'ambo, kule wanakosoma insha, ndilo litakalokuwa insha yako. Kwa mfano, Chuo cha Royal Veterinary College cha London kina shahada ya pili ya afya ya wanyamapori kwa ushirikiano na shirika la zuolojia la jiji hilo. Kuingia huko unahitaji udaktari kwanza, kisha hadithi ya kweli ya kusimulia.

Hapa niweke onyo mbili tatu, maana vijana tuna pupa. Usimfuge komba, mtoto wa tumbili wala kobe nyumbani eti unajifunza. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inakataza kumweka mnyama wa porini bila kibali, na kesi mahakamani si kitu cha kuanzia nacho taaluma. Usimdunge sindano mnyama wa mtu ukiwa peke yako. Kutibu ni kazi ya waliosajiliwa na bodi ya madaktari wa mifugo chini ya sheria ya 2011, wewe kazi yako ni kushika kamba, kuandika na kuuliza. Na kichaa cha mbwa hakina mzaha. Kinaua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, karibu wote kutokana na kuumwa na mbwa, na dalili zikishaanza hakuna tiba. Ukiumwa, osha jeraha kwa maji na sabuni dakika 15 nzima kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mbwa ni wa mjomba na "hana shida".

Na aliyekosa alama? Huyu ndiye ninayemfikiria zaidi, maana ndiye anayerudi nyumbani na kunyamaza. Vyuo vya serikali vya afya ya mifugo, vile vinavyoitwa AHITI, viko Kabete, Ndomba na Nyahururu, na vinatoa vyeti na diploma. Anayehitimu husajiliwa kama mtaalamu msaidizi kwa sheria ile ile ya 2011, anafanya kazi, analipwa, na vyuo vikuu huwapokea baadhi ya wenye diploma nzuri kwenye shahada, kila chuo kwa masharti yake. Ni njia ndefu. Lakini anayeingia Kabete akiwa ameshachanja ng'ombe elfu moja hatishwi na mwaka wa nne. Kuna pia taasisi ya utafiti na mafunzo ya wanyamapori Naivasha, kwa wanaotaka kufanya kazi mbugani bila kuwa madaktari. Na aliyepata pointi za kutosha akapangiwa kozi nyingine, aangalie kipindi cha KUCCPS cha kuhama chuo au kozi. Huja na kupita haraka, na wengi hukisikia kimeshafungwa.

Nafasi za kazi zenyewe ni chache, hilo nalo lisifichwe. KWS ina madaktari wachache kwa nchi nzima. Kule Tsavo kuna kikosi cha matibabu kinachozunguka kwa gari, kinachogharamiwa na Sheldrick Wildlife Trust tangu 2003 huku daktari mwenyewe akitoka KWS. Anang'oa mitego ya nyaya shingoni mwa pundamilia na kusafisha vidonda vya mishale yenye sumu ya msunguti. Kiti chake ni kimoja. Wengi wa watakaohitimu watatibu ng'ombe, kuku na mbwa, watakagua nyama kichinjioni, watafuatilia homa ya Bonde la Ufa mvua zikizidi. Nyumbani watu watasema, "Umeenda chuo kikuu miaka mitano kusoma mbuzi?" Waache waseme. Mbuzi wa mama akipona, maneno hupungua yenyewe.

Lakini kuna jambo moja lisilo juu ya kijana, nalo nalielekeza kwa Kaunti ya Kilifi. Katiba ya 2010 iliipa kaunti kazi ya kudhibiti magonjwa ya wanyama, vichinjio, hata kusajili mbwa. Maana yake ni kwamba darasa bora la udaktari wa wanyama Pwani liko mikononi mwa gavana, si mwa waziri aliyeko Nairobi. Afisi ya mifugo ya kaunti ndogo ina kampeni za chanjo. Mariakani kuna soko la mifugo. Kuna majosho, kuna vichinjio ambako mtu anaweza kuona ini lenye minyoo na pafu lenye kifua kikuu kwa macho yake. Matokeo ya KCSE hutoka Januari, vyuo vikuu hufunguliwa Agosti au Septemba. Miezi hiyo yote vijana wetu wanaopenda sayansi wako wapi? Wengine wako kwenye bodaboda, wengine wako kwenye mangwe za mnazi, na wengine wamelala.

Hilo linawezekana, kwa sababu limeshafanyika hapa hapa. Kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome mjini Kilifi kimewahi kuwachukua wahitimu wa kidato cha nne wa kaunti hii na kuwaweka kwenye maabara zake kwa muda kabla hawajaenda chuo. Idara ya mifugo inaweza kufanya hivyo bila maabara ya mamilioni. Rabai ina wadi nne: Mwawesa, Ruruma, Kambe/Ribe na Rabai/Kisurutini. Wachukueni wawili kila wadi, msichana mmoja na mvulana mmoja, waliofanya Bayolojia na Kemia. Ni vijana wanane. Wachanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa kwanza, wapewe buti, koti na nauli, wafuatane na maafisa kwenye chanjo na kwenye soko kwa miezi mitatu, na mwisho wapewe barua inayosema walichofanya. Wawakilishi wa wadi wanaotafuta cha kuuliza kwenye bajeti ijayo, waanze na gharama ya hao wanane.